Mahakama ya Arusha na Sheria ya Nchi Jirani



Wazee wa Ufipa husimulia kwamba jina la Sumbawanga ni amri. Maana yake ni kutupa uchawi: mgeni ajaye mjini na auache wanga wake nje, kisha aingie. Jina hili lafaa mji, nalo lingefaa pia kuandikwa juu ya mlango wa mahakama. Kwani mtu aingiaye mahakamani, awe hakimu, awe mshitaki, awe shahidi, yampasa kuacha nje chuki yake na hamu yake ya kisasi. Lakini watu hawaachi chuki kwa kuombwa tu. Hapana budi ziwepo kanuni za kuwazuia, hata siku ambayo mioyo yao haitaki kuzuiwa. Leo nataka kuwaeleza habari ya kanuni hizo, na jinsi mahakama iliyokaa Arusha, kwa kukataa jambo moja, ilivyoifanya nchi jirani itengeneze sheria zake.

Kwanza tufahamu tunalosema. Sheria ya makosa ina mafungu mawili. Fungu la kwanza lataja makosa na adhabu zake: wizi ni kosa, kuua ni kosa, na anayeyatenda hupata adhabu kadha wa kadha. Fungu la pili laonyesha njia ya kufuata: nani amkamate mtuhumiwa, aletwe mbele ya hakimu baada ya muda gani, nani amsemee, mashahidi waitwe na kuulizwa vipi, na kama hakuridhika na hukumu akate rufani wapi. Fungu hili la pili huitwa sheria ya mwenendo wa mashitaka ya jinai. Watu wengi hulijua la kwanza, na la pili huwaachia mawakili. Hapo hukosea.

Zamani, katika nchi nyingi za pande hizi, mtu aliyedhaniwa kuwa mchawi alinyweshwa mwavi. Akitapika, aliachwa, akifa, watu walisema kwamba kosa lake limedhihirika. Shahidi hakuulizwa, wala mshitakiwa hakupewa nafasi ya kujieleza. Tumbo lake ndilo lililokuwa shahidi, tena ndilo hakimu. Ubaya wa mwavi haukuwa katika kuchukia uovu, maana kuchukia uovu ni jambo jema. Ubaya ulikuwa katika njia. Njia mbaya humwua mwenye hatia na asiye na hatia pamoja, wala baadaye hakuna awezaye kuwatenga.

Sasa twende Arusha. Mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, nchi ya Rwanda ilipatwa na msiba mkubwa kupita kiasi. Watutsi waliuawa kwa maelfu kila siku, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 800,000, na Serikali ya Rwanda yasema ni zaidi ya 1,000,000. Sisi wa Rukwa hatuna haki ya kusema kwamba mambo ya namna hiyo yapo mbali. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makao Katumba, na baadaye Mishamo, mahali palipokuwa katika Mkoa wa Rukwa hata ulipotengwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Jirani akikimbia nyumba yake, njia yake hupita mlangoni petu.

Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu wakuu wa mauaji ya Rwanda, nayo ikawekwa Arusha. Ilifanya kazi hata tarehe 31 Desemba 2015. Iliwashitaki watu 93. Kati yao wengi walihukumiwa adhabu, na 14 walionekana hawana hatia wakaachiliwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ilitoa hukumu juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, na hukumu hiyo ndiyo ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kuangamiza kabila.

Pengine msikilizaji atauliza: watu walioua namna ile, kwa nini wapewe mawakili, wakalimani na rufani? Swali hili ni la zamani. Waliulizwa vivyo hivyo wale waliowashitaki wakuu wa Ujerumani mjini Nuremberg, baada ya Vita Kuu ya Pili. Shauri lile lilianza Novemba 1945 likaisha tarehe 1 Oktoba 1946. Washitakiwa walikuwa na mawakili, walisema walilotaka kusema, na mwisho watatu kati yao waliachiliwa. Hao watatu ndio ushahidi kwamba yale yalikuwa mashauri, si kisasi kilichovikwa joho. Kwa maana mahakama isiyoweza kumwachilia mtu haina tofauti na mwavi.

Mahakama ya Arusha ilionyesha mapema kwamba kanuni zake zilimfunga hata mwendesha mashitaka wake mwenyewe. Jean-Bosco Barayagwiza alikamatwa Kamerun mwaka 1996. Aliletwa Arusha tarehe 19 Novemba 1997, lakini hakusimamishwa mbele ya jaji hata tarehe 23 Februari 1998, yaani baada ya siku 96. Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufani waliamuru aachiliwe, kwa kuwa haki zake zilivunjwa. Serikali ya Rwanda ilighadhibika, ikasimamisha ushirikiano wake na mahakama. Tarehe 31 Machi 2000 majaji walilitazama shauri tena kwa kuwa yalitolewa mambo mapya, wakakubali ashitakiwe. Lakini walisema ya kwamba madhara aliyoyapata hayatasahauliwa. Nayo hayakusahauliwa. Mwaka 2003, badala ya kifungo cha maisha, alipewa miaka 35, na mwaka 2007 majaji wa rufani wakaifanya miaka 32, baada ya kufuta baadhi ya mashitaka.

Wakati huo Rwanda yenyewe ilikuwa na mzigo mzito kuliko wa Arusha. Magereza yake yalijaa watu zaidi ya 100,000 waliongoja kuhukumiwa. Majaji wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Sheria ya mwaka 1996 iliwagawanya washitakiwa katika madaraja, na wale wa daraja la juu adhabu yao ilikuwa kifo. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 waliohukumiwa walipigwa risasi mbele ya watu. Lakini Arusha adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kifungo cha maisha. Yatazameni matokeo yake: mkubwa aliyepanga mauaji, akikamatwa ugaibuni na kuletwa Arusha, haki ilimwachia uhai, na mdogo aliyefuata amri yake, akikamatwa kijijini, aliweza kuuawa. Kamba ilikuwa nyepesi kwa mkubwa na nzito kwa mdogo. Jambo hilo halikuweza kudumu.

Mwaka 2003 Baraza la Usalama liliiagiza mahakama imalize kazi zake, na kesi nyingine zipelekwe katika mahakama za nchi mbalimbali. Rwanda ilitaka ipewe kesi hizo, na haki ilikuwa upande wake kwa sehemu kubwa: makosa yalitendwa katika ardhi yake, na waliofiwa waliishi huko. Lakini kanuni ya Arusha ilisema kwamba majaji hawatapeleka kesi mpaka waridhike na mambo mawili. La kwanza, mshitakiwa atahukumiwa kwa haki. La pili, hatapewa adhabu ya kifo.

Basi Rwanda ikaanza kutengeneza. Machi 2007 ilitunga sheria juu ya kesi zitakazoletwa kutoka Arusha, ikataja haki za mshitakiwa moja moja. Julai 2007 ikaondoa adhabu ya kifo, wala si kwa wale wa Arusha tu, bali kwa kila mtu nchini. Watu wengi waliokuwa wakingoja kifo gerezani, ambao Arusha haikupata kuwajua majina yao, waliokolewa uhai wao.

Pamoja na hayo, tarehe 28 Mei 2008 majaji wa Arusha walikataa kumpeleka Rwanda mshitakiwa Yussuf Munyakazi. Mwaka huo huo walikataa pia kuwapeleka wengine. Majaji wa rufani, tarehe 8 Oktoba 2008, walisema kwamba katika mambo fulani majaji wa kwanza waliipima Rwanda kwa ukali kuliko ilivyostahili. Lakini sababu mbili kubwa zilisimama.

Sababu ya kwanza ilihusu adhabu. Sheria moja ya Rwanda ilisema mtu atafungwa maisha. Nyingine, ile iliyoondoa kifo, ilisema waweza kuwapo ufungwa wa maisha wa peke yake, mfungwa akitengwa na wenzake. Haikujulikana ni ipi itakayotumika. Majaji wakasema, mtu hapelekwi mahali ambapo adhabu yake haijulikani.

Sababu ya pili ilihusu mashahidi, nayo naomba tuitafakari zaidi, maana yatuhusu hata sisi. Majaji waliona ya kwamba watu ambao wangeweza kumshuhudia mshitakiwa kwa wema waliogopa. Waliokuwa Rwanda waliogopa kushitakiwa wenyewe, au kuambiwa kwamba wana fikira za wauaji. Waliokuwa nchi za nje waliogopa kurudi. Basi upande mmoja ungekuwa na mashahidi wengi, na upande wa pili ungebaki mtupu. Hebu fikirini kijiji cho chote. Mtu amechukiwa na kijiji kizima kwa neno analosemekana kulitenda. Yuko jirani mmoja ajuaye kwamba siku ile mtu huyo alikuwa shambani kwake. Je, atasimama aseme? Watu watamtazamaje kisimani kesho yake? Naye akinyamaza, hakimu hatapata kujua kwamba alinyamaza. Ataona tu kwamba hapakuwa na shahidi.

Hatupaswi kuyapuuza maumivu yaliyotokana na kukataa huko. Mjane aliyengoja miaka 14 kumwona mshitakiwa akisimama katika nchi iliyomwaga damu, huambiwa kwamba mahakama za nchi yake hazijafaa. Hayo ni maneno mazito. Lakini hapana budi tuseme pia kwamba hukumu iliyopatikana kwa kuwatisha mashahidi isingemsaidia mjane huyo. Wakanushao mauaji wangesema daima kwamba wenzao walionewa, na hoja hiyo wangekuwa wameipata bure.

Rwanda ingaliweza kukasirika tu na kuacha. Haikuacha. Novemba 2008 ilitunga sheria iliyosema wazi kwamba kifungo cha peke yake hakitawahusu watu waletwao kutoka Arusha. Mei 2009 ilirekebisha sheria yake ya mwaka 2007: ikaweka kinga kwamba shahidi hatashitakiwa kwa maneno aliyoyasema katika shauri, na shahidi aliye nchi ya nje aweza kusikilizwa na jaji huko huko aliko, au kwa mtambo upelekao sauti na picha. Tena iliwekwa ofisi ya kuwalinda mashahidi chini ya mahakama, mbali na ile iliyokuwa chini ya mwendesha mashitaka; maana shahidi wa mshitakiwa atawezaje kuomba ulinzi kwa yule yule anayemshitaki rafiki yake?

Tarehe 28 Juni 2011 majaji wa Arusha waliridhika. Waliamuru kesi ya Jean Uwinkindi, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, ipelekwe Rwanda. Majaji wa rufani wakathibitisha Desemba 2011, naye akafikishwa Kigali Aprili 2012. Waliwekwa pia watu wa kuliangalia shauri lake na kutoa habari, na majaji walijiwekea uwezo wa kumrudisha kama haki itavunjwa. Nchi nyingine zikafuata mkumbo: Oktoba 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba Sweden yaweza kumpeleka mtu Rwanda ahukumiwe, na Norway ilimpeleka mshitakiwa mwaka 2013.

Je, mambo yote yalinyoka? La. Uwinkindi aligombana na mahakama ya Kigali juu ya mawakili wake, akaomba kesi yake irudishwe. Mwaka 2015 majaji wa chombo kilichorithi kazi ya mahakama ya Arusha walikataa ombi hilo, na mwishoni mwa mwaka huo alihukumiwa kifungo cha maisha. Nayo Mahakama Kuu ya Uingereza, mwaka 2017, ilikataa kuwapeleka Rwanda watu watano, kwa kuona kwamba bado pana hatari wasipate haki. Basi majaji wenye elimu sawa walitazama nchi moja wakaona tofauti. Tena tukumbuke kwamba marekebisho mengine yalitungwa kwa ajili ya washitakiwa wachache kutoka nje. Mwenye nyumba akitandika kitanda kwa ajili ya mgeni, watoto wa nyumbani nao wana haki ya kuuliza watalala juu ya nini. Kuondolewa kwa kifo kuliwafaa wote. Lakini jinsi mshitakiwa wa kawaida anavyopata wakili na mashahidi, hilo hupimwa katika kesi ya kila siku, ambayo hakuna mgeni anayekuja kuitazama.

Uganda yatupa funzo la namna nyingine. Nchi hiyo iliunda idara maalumu katika Mahakama Kuu yake kwa ajili ya makosa ya vita, na kwa kufuata mfano wa mahakama ya kimataifa ya The Hague, iliwaruhusu walioumizwa kushiriki katika shauri kwa njia ya mawakili wao, si kama mashahidi tu. Hilo ni jambo jipya na jema. Lakini Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa waasi wa Lord's Resistance Army, alikamatwa mwaka 2009 na kutiwa hatiani Agosti 2024. Miaka 15! Mwezi wa Oktoba akapewa kifungo cha miaka 40. Kanuni nzuri ikiazimwa, na mwendo ukabaki wa kobe, mshitakiwa na aliyeumizwa huzeeka pamoja mlangoni pa mahakama.

Sasa sisi wa Ufipa tuna nini la kuchukua? Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13, yasema kwamba mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Na ya kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na kukata rufani. Maneno haya ni mazuri kama yale yaliyotungwa Kigali. Lakini mtu apigwapo mawe sokoni kwa kupigiwa ukelele wa mwizi, Katiba haipo pale. Bibi kizee afukuzwapo kijijini kwa kuwa macho yake ni mekundu, Katiba haipo pale. Wapo watu tu, na kila mmoja wao aweza kusema neno au kunyamaza.

Mwalimu aweza kuanza darasani. Kalamu ikipotea, asimpige mtoto anayetajwa na wengi. Aulize: nani aliona? Mtoto huyu asemaje? Yupo awezaye kumshuhudia? Naye anayemshuhudia asichekwe wala kuchukiwa baada ya masomo. Mwenyekiti wa kijiji na afanye vivyo hivyo barazani: asikubali kumkatia mtu shauri kabla hajasikia upande wake, na anayesimama kumsemea mshitakiwa amlinde kama anavyomlinda aliyeibiwa. Majaji wa Arusha walikataa kupeleka kesi mahali ambapo jirani huyo angeogopa kusema, na nchi nzima ikabadili sheria zake ili aweze kusema. Sisi hatuhitaji kungoja kukataliwa na majaji. Tukiwa na shauri juma hili, dogo au kubwa, na tumtafute kwanza shahidi anayeogopa, tumweke salama, kisha tumsikilize.